Jeki huinua, haishikilii: Somo la msamiati chini ya gari

JUMAMOSI iliyopita nilivaa ovaroli, nikalala chali chini ya gari langu dogo, spana mkononi. Nilikuwa nabadilisha kile kifaa cha bomba la moshi kinachopunguza sumu katika gesi za injini. Nilitarajia kuinuka na mikono michafu tu. Niliinuka pia na hoja ya makala haya: neno lisilofaa linaweza kumtia mtu hasara, na linaweza kumuua.

Gari lilikuwa limeanza kuishiwa nguvu kila lilipopanda mlima, na chini yake kukilia kama mkebe wenye kokoto. Fundi wa mtaani alitega sikio, akatoa hukumu: “Mwalimu, hiyo ni filta ya moshi tu. Tunaitoa, tunaiosha na petroli, tunairudisha.” Kauli fupi, tamu na ya bei nafuu. Tatizo lilikuwa neno moja: filta.

Filta ni chujio. Chujio hunasa taka. La chai hubaki na majani, nawe ukayakung’uta ukalisuuza. Kifaa hiki hakifanyi hivyo. Ndani yake mna kauri yenye vijitundu vingi kama sega la nyuki, iliyopakwa utando mwembamba wa platinamu, paladiamu na rodiamu. Gesi moto zikipita humo, hubadilika. Kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu, huwa kaboni dayoksaidi. Mabaki ya petroli isiyoungua huwa maji na kaboni dayoksaidi. Oksaidi za naitrojeni nazo hugeuka naitrojeni na oksijeni. Kauri ikishavunjika, kama ilivyokuwa yangu, hakuna petroli itakayoiunga. Ningefuata neno la fundi, ningelipia kuosha vigae.

Basi tukiite nini? Njia ya kwanza ni utohozi: katalitiki konveta. Neno hilo halipotoshi, lakini pia halimwambii kitu asiyejua Kiingereza. Njia ya pili ni tafsiri. Wanakemia wetu tayari wana neno kichocheo, na ni neno zuri. Anayechochea moto huharakisha kuni ziwake, ila yeye mwenyewe haungui. Vivyo hivyo madini haya huharakisha mabadiliko bila kutumika yakaisha. Hata hivyo, kwa msomaji wa kawaida kichocheo ni motisha, au maneno ya kuwagombanisha watu. Njia ya tatu ni kuunda nomino kwa kanuni tuliyoizoea katika kipaza sauti, kinasa sauti na kipima joto: ki-, kitenzi, kisha kinachotendewa. Kwa kanuni hiyo napendekeza kigeuza moshi. Anayelisikia neno hili hatauliza kitaoshwa lini, kwa sababu kitenzi kimeshamweleza kazi yake.

Hilo la hasara. La kifo lilikuja mpwa wangu aliponisaidia kuinua gari. Alipiga jeki mara kadhaa, akainama, akasema: “Mjomba, jeki imeshika. Naingia?” Nilimvuta shati.

Wasomaji wa magazeti mnajua tunavyolitumia neno hili. Wakulima hupigwa jeki, klabu hupigwa jeki, elimu hupigwa jeki. Katika matumizi hayo jeki ni tegemeo, msaada usioyumba. Lakini jeki ya chuma huinua tu. Haikukusudiwa kushikilia gari mtu akiwa chini yake. Inaweza kuteleza au kulegea. Kazi ya kushikilia ni ya stendi, vile vigoda vya chuma vinavyowekwa pande mbili gari likishainuka. Sitaki tuache msemo wa magazetini. Nataka tu kijana ajue kwamba uani, kuinua na kushikilia ni vitenzi viwili, na vyombo vyake ni viwili.

Kazi yenyewe, kwa gari ambalo kifaa hicho kimefungwa kwa bolti na hakikuchomelewa, ni mfululizo wa vitenzi ambavyo havifai kubadilishana nafasi. Subiri injini na bomba vipoe, maana kifaa hiki hufikia mamia ya nyuzi za joto. Zuia magurudumu yaliyobaki chini. Inua, egemeza kwenye stendi, kisha jaribu kulitikisa gari kabla hujaingia. Tenganisha waya wa betri, kisha sensa ya oksijeni. Nyunyizia bolti zenye kutu mafuta ya kulainisha, usubiri. Legeza zote kabla ya kufungua hata moja, na mtu akushikilie bomba lisikuangukie usoni.

Kwenye kurudisha, mafundi cherehani wana neno tunalolihitaji: shikiza. Tia gasketi mpya, shikiza bolti zote kwanza, panga bomba likae sawa, ndipo ukaze. Ukikaza ya kwanza kabisa mapema, ya mwisho haitaingia. Mwisho washa injini mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa kuwa kaboni monoksaidi haina harufu. Sikiliza kama gesi inavuja kwenye maungio.

Gari langu sasa linapanda mlima bila kulalamika. Nilimrudia yule fundi, si kumsuta bali kumwonyesha kile cha zamani. Alikitikisa, vipande vikalia ndani. “Kumbe si filta,” akasema. Nikamtajia kigeuza moshi. Akalirudia mara mbili, kisha akaniuliza swali ambalo nawaachia wenzangu wa taaluma ya lugha: “Na hii sensa, Mwalimu, tuiite nani?”