Acheni Kutia Amonia Kwenye Maganda ya Risasi

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka Texas: "Fundi, mashine gani ya kusafishia maganda ya risasi itanidumu, na nitie dawa gani yang'ae haraka?" Nusu ya kwanza ni swali halali. Ya pili ndiyo inayoharibu maganda, na kila anayeniuliza huwa ameshanunua chupa kabla hajaniandikia.

Nasema na walioko Marekani, ambako kujaza upya maganda yaliyokwisha kupigwa ni burudani halali na vifaa vyake vimejaa madukani. Aliyeko Nairobi au Dodoma asome kwa kutaka kuijua shaba tu. Huko kujiundia risasi nyumbani bila kibali ni kesi.

Ganda halisafishwi ili lipendeze. Linasafishwa kwa sababu mchanga na masizi yakiingia kwenye kile kifaa cha chuma kinacholirudishia umbo, hukikwaruza, nacho hukwaruza kila ganda litakalofuata. Tena ganda safi huonyesha nyufa zake. Basi. Lililofifia likawa rangi ya chai halikosi shabaha kwa ajili ya rangi yake.

Lakini watu wanataka mng'aro, na hapo ndipo dawa ya kung'arishia shaba inapomiminwa kwenye mashine. Hoja ni ileile siku zote: babu alikuwa askari, aling'arisha vifungo vya sare kwa dawa hii miaka yote na havikuharibika. Kifungo kinabeba nini? Ganda la .223 huruhusiwa kubeba hadi pauni 55,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la gari lako lina kama 32.

Dawa nyingi za aina hiyo zina amonia, harufu yake inakupiga puani ukifungua tu kifuniko. Shaba ya manjano ya maganda ni asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki, na ganda huundwa kwa kuvutwa na kubanwa likiwa baridi, kwa hiyo hubaki na mkazo ndani yake. Amonia ikikutana na unyevu hupenya katikati ya chembe za metali, palepale penye mkazo, na kuzitenganisha. Kutu hula juu juu ukaiona. Hii hupasua, na uso wa ganda unaweza kubaki unang'aa vizuri kabisa.

Jeshi la Uingereza lilikutana na balaa hili India katika karne ya 19. Risasi zilizowekwa mazizini msimu wa mvua zilipasuka maganda bila kuguswa na mtu, kwa sababu mkojo wa farasi hutoa amonia. Chanzo chenyewe kilikuja kuelezwa na watafiti wa Uingereza mwaka 1921. Zaidi ya karne imepita, na bado mtu anatoa pesa yake dukani kununua kile ambacho farasi walikuwa wakikitoa bure.

"Mimi natia kidogo tu, na sijaona ufa." Hujauona bado. Ganda hutumika tena na tena, na kila mara linabanwa upya, mkazo juu ya mkazo. Siku likipasuka, uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo. Dawa zisizo na amonia zipo, zimetengenezwa kwa kazi hii hasa. Mjadala uko wapi?

Na siki, kabla hamjauliza: usiku kucha ndani ya siki hutoa zinki, ganda likatoka na rangi ya waridi. Hiyo si dalili ya usafi.

Sasa mashine. Ya kutetemeka, yenye bakuli la magunzi au maganda ya jozi yaliyosagwa, ni rahisi na inatosha wengi. Usiifungie sandukuni kupunguza kelele, mota inahitaji hewa. Lakini vumbi lake lina ledi kutoka kwenye fataki: chekecha nje, vaa barakoa, watoto wakae mbali, na kamwe isiwe jikoni.

Ya pipa linalozunguka, kwa maji na vijiti vya chuma kisichoshika kutu, husafisha hadi ndani na vumbi halipandi. Tia tone la sabuni ya vyombo na robo kijiko cha chai cha asidi ya limao, si zaidi. Suuza sana, anika juani. Maji machafu yasimwagwe bustanini wala kwenye sinki la vyombo.

Kudumu? Chagua pipa lenye utando wa mpira, na mashine ambayo mkanda, beringi na gasketi zake zinauzwa peke yake. Thumler's Model B ni mfano mzuri: hubeba kilo 6.8, na hizo ni pamoja na maji na vijiti, kwa hiyo maganda yenyewe ni kama kilo moja kasoro, yaani 140 hivi ya .223. Wanaojaza 400 ndio wanaolalamika kuwa mota imeungua. Pima kwa mizani. Na mota ikijizima kwa joto, iache ipoe, usiipige kofi.