Kozi ya uzamili hupitia mikono mingapi kabla ya kumfikia mwanafunzi wa Ozi?

Chuo kikuu kikitangaza kwamba kozi fulani ya uzamili "imeidhinishwa", mjadala huishia hapo. Mzazi hutafuta karo, mwanafunzi hufunga mizigo. Ni wachache mno wanaouliza imeidhinishwa na nani, na huyo aliyeidhinisha alitaka kujua nini kabla ya kutia saini. Leo naomba tuingie katika vyumba vya kamati, maana humo ndimo huamuliwa ni maarifa yapi yataitwa elimu ya juu na yapi yatabaki kuwa hadithi za kijijini.

Tuchukue mfano wa kubuni. Idara ya Kiswahili ya chuo kimoja cha umma inataka kuingiza katika shahada yake ya uzamili kozi iitwayo "Kiswahili na Lugha za Mto Tana". Mwanafunzi atatakiwa aende Ozi, kule Garsen, ambako Tana inakaribia kumwaga maji yake baharini pale Kipini. Atakaa na wazee, atarekodi mazungumzo yao, kisha atayachanganua.

Kwa nini Ozi? Mwaka 1993 wanaisimu Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walichapisha kitabu kizito kuhusu historia ya Kiswahili na jamaa zake wa karibu, kundi linaloitwa Sabaki. Ndani ya kundi hilo mna Kiswahili chenyewe, Kipokomo, Kielwana, lugha za Mijikenda na zile za visiwa vya Komoro. Sasa mtu wa Ozi amekaa hasa pale ndugu wawili wanapopakana: Kipokomo kikishuka na mto, Kiswahili kikija na bahari kutoka upande wa Lamu. Simulizi za Fumo Liongo zimejaa majina ya huko, Ozi, Shaka na Ungwana, na hadi leo wageni huonyeshwa karibu na Kipini kaburi linalosemekana ni lake. Hata mahadhi ya wimbo wetu wa taifa yalitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto.

Kuna na sababu ya haraka zaidi. Wakulima wa Ozi wamelima mpunga kwa karne nyingi wakitegemea maji matamu ya mto yanayosukumwa mashambani bahari inapojaa. Miaka hii maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni, yakaharibu mashamba ya mpunga na kukausha miembe. Mkulima akiacha shamba, msamiati wa shamba lile nao huachwa: majina ya aina za mpunga, ya mifereji, ya vipindi vya maji kupwa na kujaa. Kijana anayekwenda kutafuta kibarua Malindi hana haja nayo tena. Kwa hiyo muda unaotumiwa na kamati si jambo la makarani peke yao.

Haya, tuufuate waraka wetu.

Safari huanzia kwenye kamati ya mitaala ya idara. Hapo mhadhiri mwenye wazo hulazimika kuandika mambo ambayo hakuwahi kuyawaza alipokuwa akiota kozi yake: malengo, matokeo ya ujifunzaji, mada za kila wiki, vitabu, njia za kutahini, na hesabu ya saa. Katika vyuo vyetu vingi kozi moja huhesabiwa saa 45 za mihadhara, yaani saa tatu kwa wiki katika muhula wa wiki 15. Muda wa kukaa Ozi, ambako unaweza kushinda siku nzima ukimngojea mzee arudi kutoka shambani, hauingii vizuri katika hesabu hiyo. Hapo ndipo kozi nyingi za nyanjani hugeuzwa kuwa kozi za darasani kimyakimya, hata kabla hazijatoka nje ya idara.

Halafu idara hutakiwa kuonyesha kwamba kozi au programu inahitajika. Wenyewe tunaita utafiti wa mahitaji ya soko. Swali lenyewe si baya. Ni haki ya mwanafunzi kujua shahada anayoilipia itamfikisha wapi. Tatizo ni namna tunavyolijibu. Hojaji hupelekwa kwa waajiri, shule, vyombo vya habari na mashirika, na wote huulizwa kama wangemwajiri mhitimu wa namna hiyo. Kozi ya tafsiri hupita hapo ikitabasamu. Kozi ya lugha za Tana huanza kuchechemea, kwa sababu anayeihitaji zaidi si mwajiri.

Sheria na kanuni zetu hutaka wadau washirikishwe, na neno wadau ni pana kuliko tunavyolitumia. Wapokomo tangu jadi wana Gasa, baraza la wazee linalosikiliza mashauri na kuamua. Sioni kwa nini wazee hao wasiitwe kwenye warsha ya wadau na kuulizwa kama wanataka lugha yao ifundishwe, nani aifundishe, na rekodi zitakaa kwa nani. Katika miaka mingi niliyokaa kwenye kamati hizi nimeona majina mengi katika orodha za wadau: maafisa, wachapishaji, walimu wakuu. Mzee wa kijijini anayezungumza lugha yenyewe nimemwona mara chache sana.

Kutoka idarani waraka hupanda hadi bodi ya kitivo, ambacho siku hizi vyuo vingi hukiita skuli. Watu hudhani bodi hii ni ya kugonga muhuri tu. La hasha. Hapa idara nyingine ndizo zinazouliza, na maswali yao yana meno. Idara ya Isimu itasema kozi hii ni mali yake. Ya Historia itasema Liongo ni wake. Mara nyingine hoja huwa ya kitaaluma, na mara nyingine ni ugomvi wa mipaka uliovishwa joho.

Anayedhani kikao cha bodi ya kitivo hakiwezi kubadili historia na akumbuke mwaka 1968. Tarehe 20 Septemba mwaka huo, katika kilichokuwa Chuo cha Nairobi cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza aliwasilisha waraka mbele ya Bodi ya Kitivo cha Sanaa kuhusu mustakabali wa idara yake. Tarehe 24 Oktoba wahadhiri watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, wakaujibu kwa waraka wao wakipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake paundwe idara ya fasihi na lugha za Kiafrika. Waliuliza kwa nini Uingereza ndiyo iwe kitovu na Afrika iwe pembeni. Walitaka fasihi simulizi iingie, na Kiswahili kiingie. Mabishano yalikuwa makali, lakini hatimaye kukawa na Idara ya Fasihi, na fasihi simulizi ikawa somo la chuo kikuu. Leo tunaisoma habari hiyo kama mapinduzi makubwa ya kifikra. Ilianza kama waraka wa kamati, kujibu waraka mwingine wa kamati.

Kozi yetu ikivuka kitivo hufika kwenye bodi ya masomo ya uzamili. Na hapa niwape wapenzi wa lugha jambo dogo. Shahada ya pili tunaiita uzamili, neno ambalo hunasibishwa na zamil ya Kiarabu, yaani mwenzi wa kazi. Ya tatu Kenya tunaiita uzamifu na Tanzania uzamivu, kutokana na kuzama na kuzamia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho siku hizi hutumia "umahiri" kwa shahada ya pili. Kama majina hayo yana maana yoyote, basi mwanafunzi wa shahada ya pili ni mtu anayeanza kuketi na wataalamu kama mwenzao, na wa shahada ya tatu ni mpiga mbizi. Bodi hii kazi yake ni kuhakikisha kozi ina kina kinachostahili jina lake, si kozi ya shahada ya kwanza iliyobandikwa nambari mpya.

Bodi huangalia pia nani atafundisha na nani atasimamia tasnifu. Kanuni hutaka anayefundisha awe amepanda ngazi moja juu ya anayefundishwa, kwa hiyo kozi ya uzamili huhitaji mwenye uzamifu. Viwango vya mwaka 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vilitaka pia mwanafunzi wa uzamili awe na angalau makala moja katika jarida lenye kuhakikiwa, na wa uzamifu makala mbili. Ni masharti ya busara. Lakini wenye uzamifu walioizamia Kipokomo au Kielwana ni wa kuhesabu kwa vidole. Lugha ambayo haikufundishwa jana haina wataalamu leo, na kwa kuwa haina wataalamu leo haiwezi kufundishwa kesho. Nimewahi kusikia hoja hiyo ikitumiwa kuangusha kozi, na aliyeitoa hakuona kwamba anazunguka.

Vyuo vyenyewe vinaweza kuuvunja mzunguko huo bila kuvunja kanuni. Msimamizi wa pili anaweza kutoka chuo kingine, Pwani au Dar es Salaam. Mzungumzaji asilia anaweza kuajiriwa kama mkufunzi msaidizi chini ya mwenye shahada. Haya yakiandikwa wazi katika waraka, bodi nyingi huridhika. Yasipoandikwa, bodi haina namna ya kuyajua.

Kisha Seneti. Hapo waraka husomwa na wahandisi, madaktari na wanakemia, na ndiyo maana, katika kamati nilizozihudhuria, hata mapendekezo ya idara za Kiswahili huandikwa kwa Kiingereza, angalau utangulizi na sababu zake. Ati Kiswahili kijieleze kwa Kiingereza ili kiruhusiwe kufundishwa! Idara nyingi za Kiswahili nchini hupokea tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili, na Dar es Salaam imekifundisha Kiswahili kwa Kiswahili tangu 1970. Sijui wahandisi wetu wangepungukiwa na nini wakipewa waraka wa Kiswahili wenye muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiingereza.

Kabla ya mwaka 2012, kwa vyuo vya umma, Seneti ilikuwa kwa kawaida ndiyo mwisho wa safari. Tume ya Elimu ya Juu iliyoundwa mwaka 1985 ilishughulika zaidi na vyuo vya kibinafsi. Sheria ya Vyuo Vikuu, nambari 42 ya 2012, ilileta tume mpya na kuviweka vyuo vyote chini ya kanuni zilezile. Siku hizi, kozi moja ikiongezwa katika programu ambayo tayari ina ithibati, kwa kawaida Seneti huweza kumaliza mambo. Lakini programu mpya nzima lazima iende Gigiri. Tume huwapa mtaala wataalamu kutoka vyuo vingine wauhakiki, hutuma watu kukagua maktaba, vyumba na walimu, hurudisha maoni, chuo hurekebisha, ndipo uamuzi hutolewa. Kuna wenzangu wanaolalamika kwamba huu ni uingiliaji wa uhuru wa wasomi. Mimi siungani nao kikamilifu. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, mitaala ya Kampala ilisubiri ridhaa ya watu waliokuwa mbali mno na Ziwa Nyanza, na shahada zilizotolewa zilikuwa za London. Tume ya hapa nyumbani tunaweza kuipinga, kuishtaki na kuirekebisha.

Isitoshe, anayeumia kamati zikilegea si profesa. Ni mwanafunzi, ambaye ukoo mzima umeuza mbuzi na maembe ili asome, kisha anaambiwa shahada yake haitambuliki. Na ithibati ya programu haitoshi peke yake. Juni 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kilipowatunuku watu 118 uzamifu katika mahafali moja, nchi nzima iliuliza maswali na Tume ikachunguza. Mjadala wote ulihusu usimamizi wa wanafunzi, jambo ambalo katika nyaraka za mitaala mara nyingi huandikwa kwa aya mbili tatu tu.

Kwa hiyo sitaki kamati zipunguzwe. Nataka ziulize swali moja zaidi: je, kozi hii isipofundishwa sasa, itawezekana kufundishwa miaka 20 ijayo? Kozi ya uhasibu inaweza kungoja mikutano mitatu bila madhara. Ya lugha za Tana haiwezi. Na katika ukurasa wa rasilimali, pale inapoandikwa projekta, tarakilishi na vitabu, kuandikwe pia nauli ya mashua kutoka Kipini na posho ya mzee atakayemfundisha mwanafunzi majina ya mpunga.

Kwa mwanafunzi anayefikiria kusajiliwa mwaka huu, Tume huchapisha orodha ya programu zilizoidhinishwa kwa kila chuo. Linganisha jina la programu neno kwa neno na lile lililo kwenye barua yako. Likitofautiana, nenda kwa msajili uombe maelezo kwa maandishi kabla ya kulipa shilingi yoyote.