Ghasia Pichani na Sitara ya Mtu

Vijana wa Mombasa wapigao picha kwa kupenda tu walishindanishwa kwa mada ya ghasia, nami nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu. Wengi walikimbilia Kongowea, magunia yakishushwa, au kivuko cha Likoni. Kweli, penye wengi pana mengi. Lakini picha iliyojaa kila kitu haina pa kutua jicho. Ghasia yataka kitu kimoja kilichotulia, ndipo msukosuko uonekane.

Picha moja ilikuwa nacho. Mkokoteni umepinduka, machungwa yametapakaa, magari yamezuiana. Katikati hamali ameanguka, uso umeganda kwa fadhaa. Ila kikoi kimemvuka, na wapita njia wanacheka.

Mwenzangu alitaka ishinde. Akamtaja Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984: lau angeona haya, dunia ingejuaje? Hoja nzito. Lakini picha zile ziliwaombea wenye njaa chakula, na misaada ikafika. Hii itamwombea nini hamali ila kicheko?

Tukamwuliza kijana: ulimtaka ruhusa mwenyewe? Akasema la. Kura zikawa mbili kwa moja, na ushindi ukenda kwa picha ya Likoni: umati unasukumana, na bibi mmoja ameketi juu ya furushi lake, anangoja.

Vijana wetu, kamera ina jicho, haina haya. Haya ni ya mwenye kuishika.