Wachimbaji wa angani nao wana wajumbe wao!

MSOMAJI wangu, kama umewahi kusimama kwenye rashi ya dhahabu, Nyarugusu au kokote huko Geita, siku ya kugawana mifuko, basi unajua kwamba siku hiyo hakuna anayesinzia. Mawe yakipanda kutoka kwenye duara, mwenye leseni anataka fungu lake, mwenye duara lake, aliyetoa gharama lake, na vijana walioshinda chini na moko na nyundo wanangoja kitakachobaki. Kila upande unaweka mtu wake wa kuhesabu. Mifuko ikipungua mmoja tu, hapo ni kasheshe.

Leo nawaletea wachimbaji wengine kabisa. Hawa hawana vumbi, hawana zebaki, wala hawajui karasha ni nini. Wanachimba wakiwa wamekaa kwenye viti, mbele ya kompyuta, tena wengine wakiwa Marekani, wengine Urusi, wengine Ujerumani. Wanachimba angani! Lakini zengwe lao, bwana wee, ukilisikia utadhani limetokea Kahama.

Habari hizi nimezidaka kwa mpwa wangu mmoja, fundi simu mjini Kahama, ambaye usiku wateja wakiisha hufungua kompyuta yake kuukuu na kuanza gemu liitwalo EVE Online.

"Mjomba, pale ukisinzia unaibiwa meli nzima," akaniambia.

"Sasa hapo tofauti na hapa ni nini?" nikamuuliza. Akacheka.

Gemu lenyewe ni la kampuni ya CCP, yenye makao Reykjavik, kule Iceland kwenye barafu. Lilianza Mei 2003. Tofauti na magemu mengi ambayo wachezaji hugawanywa kwenye vyumba vyumba, hili lina dunia moja kubwa ambamo wote mnakutana. Una chombo cha angani, unakwenda kwenye miamba inayoelea, unachimba mawe, unayasafisha, unauza sokoni. Mwingine ananunua madini yako anatengeneza manowari ya angani. Wa tatu anaiteka. Bei hupanda na kushuka kwa kazi ya wachezaji wenyewe. Kuna makundi yenye maelfu ya watu, yana viongozi, mahasibu na hata majasusi. Na wengi hulipia kila mwezi kwa pesa za kweli, ingawa tangu 2016 unaweza pia kuingia bure.

Kwa hiyo msicheke mkisikia watu wazima wanagombana kuhusu mawe ya kwenye kompyuta. Mtu ametumia miaka mitano kujenga mali yake humo. Jasho ni jasho.

Kitumbua kikaingia mchanga mwaka 2007. Ikafichuka kwamba mfanyakazi mmoja wa kampuni, ambaye naye alikuwa akicheza kama wengine, amelipatia kundi lake michoro ya kutengenezea vifaa adimu. Michoro hiyo kwenye gemu ni sawa na kupewa leseni ya kilima chenye dhahabu. Wengine walikuwa wakiitafuta kwa kudra na bahati, yeye kaichota stoo. Na kundi lenyewe lililofaidi lilikuwa miongoni mwa makundi yenye nguvu kuliko yote. Mchezaji aliyetoboa siri ndiye aliyefungiwa kwanza! Jamaa mwenyewe alikuja kukiri hadharani baadaye, Februari mwaka huo.

Hebu fikiria. Mwenye kiwanja, mwenye mpira, mwenye filimbi, na kumbe pia ana timu yake uwanjani.

Wachezaji wakawaka. Kampuni ikaunda kitengo cha kuwachunguza wafanyakazi wake, halafu ikafanya jambo ambalo wenye magemu walikuwa hawajalizoea: ikaitisha uchaguzi. Mei 2008 wachezaji wa dunia nzima walipiga kura kuchagua wajumbe 9 wa baraza, ambalo kwa Kiswahili chetu tunaweza kuliita Baraza la Kusimamia Nyota. Wenyewe hulifupisha CSM. Juni mwaka uleule wajumbe wakapandishwa ndege hadi Reykjavik, wakaketi meza moja na wenye kampuni, wakauliza maswali. Kumbukumbu za mazungumzo zikachapwa ili waliowachagua wasome.

Wajumbe hao wala si watoto waliotoroka shule. Kwenye baraza wamepita wanasheria, wataalamu wa kompyuta, na hata Mmarekani Sean Smith, ofisa wa ubalozi aliyeuawa katika shambulio la Benghazi Septemba 2012. Huyo alikuwa mjumbe wa baraza na mwanadiplomasia wa kundi lake huko angani.

Hapa mtaniuliza: hilo baraza lina meno? Jibu langu ni kwamba kwa kanuni, halina. Linashauri tu. Haliwezi kumfukuza mfanyakazi wala kuzuia mabadiliko. Lakini kuna mwaka liliitwa kwa haraka kama mganga.

Ilikuwa Juni 2011. Kampuni ilifungua duka ndani ya gemu la kuuza mapambo ya sura za wachezaji. Miwani ya jicho moja tu, isiyoongeza nguvu wala kasi, ikauzwa dola kama 60 za kweli. Dola 60! Kwa miwani ambayo huwezi kuivaa hata kwenye harusi ya jirani! Watu walikuwa bado wanang'aka, mara likavuja jarida la ndani la kampuni, lililojadili kama uroho ni jambo jema. Kabla hilo halijapoa, ikavuja barua ya mkurugenzi mkuu, Hilmar Veigar Pétursson, akiwaambia watu wake kwamba cha kuangalia ni wachezaji wanafanya nini, si wanasema nini.

Wachezaji wakamwonyesha wanafanya nini. Walikusanyika Jita, ambako ndiko Kariakoo ya gemu lile, wakaizunguka sanamu iliyopo pale na kuimiminia risasi na makombora siku baada ya siku. Soko likazizima. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakaacha kulipia.

Hapo ndipo baraza likaitwa chapuchapu Reykjavik, Juni 30 na Julai mosi. Kikubwa walichobanwa nacho wenye kampuni ni swali moja: je, mna mpango wa kuuza silaha na meli zenye nguvu kwa pesa taslimu, ili tajiri amshinde mchapakazi? Wakatoka na tamko la pamoja kwamba hapana. Ila watu hawakutulia moja kwa moja. Oktoba mwaka huo mkurugenzi mkuu akaandika kuomba radhi kwa wachezaji, na mwezi uleule kampuni ikapunguza karibu asilimia 20 ya wafanyakazi wake.

Mimi nasema lililoiamsha kampuni ni wateja kuondoka, kuliko hotuba za wajumbe. Lakini bila wajumbe, nani angeketi mezani kuuliza swali lile na kurudi na jibu lenye saini?

Sasa ngojeni niwaambie upande ambao hauninogei. Mjumbe akichaguliwa anasaini karatasi ya kutunza siri. Anaonyeshwa mipango ya miezi ijayo, lakini hawezi kuwaambia waliomtuma. Kuna sababu: kwenye gemu lenye soko, anayejua leo kwamba jiwe fulani litaadimika kesho anaweza kutajirika usiku mmoja. Hata hivyo siri hiyo hukata pande mbili. Aprili 2019 kampuni ilimfukuza mjumbe mmoja hadharani na kumfungia maisha, ikidai kavujisha siri kwa wenzake wakafanya biashara. Jina lake likasambaa kila kona. Wiki chache baadaye kampuni ikachunguza upya, ikakuta hakuwa na hatia, ikamwomba radhi na kumrudisha. Ushahidi walikuwa nao peke yao, hukumu wakatoa peke yao.

La pili ni kura zenyewe. Makundi makubwa yana nidhamu, yanawaambia watu wao mpigieni fulani na fulani, na viti vinajaa. Mchimbaji mdogo anayechimba peke yake kwenye maeneo ya usalama, kama mpwa wangu, hana chama na mara nyingi hapigi kura. Mwaka 2013 walibadilisha utaratibu, mpigakura akaweza kupanga wagombea kwa namba ili kura isipotee bure, ila vigogo ni vigogo.

Kwangu mimi jambo la maana zaidi kuliko baraza ni lile walilolifanya mwaka 2007, walipomwajiri mchumi, Dk. Eyjólfur Guðmundsson, kazi yake ikiwa kutoa taarifa za uchumi wa gemu. Baadaye taarifa zikawa za kila mwezi: mawe yamechimbwa kiasi gani, eneo gani, meli zilizoungua zilikuwa na thamani gani, pesa zimeingia wapi na zimetokea wapi. Mchezaji yeyote anasoma. Mjumbe hata akifungwa mdomo, mchezaji ana tarakimu zake za kumpimia yeye na kampuni.

Sisi wa ukanda huu tunaijua hamu hiyo. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, zote za hapa Kahama, yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, nchi nzima ikabishana ndani mna nini. Kamati ilisema lake, kampuni ikasema lake. Kwenye vibanda vya kahawa hapa kila mtu alikuwa mkemia! Ugomvi ulimalizwa kwa makubaliano yaliyosainiwa Januari 2020, ikaundwa kampuni ya Twiga ambamo serikali ina hisa asilimia 16. Tanzania ilikwishajiunga na mpango wa kimataifa wa uwazi wa madini mwaka 2009, na mwaka 2015 Bunge likapitisha sheria ya kutaka kampuni zitangaze zimelipa nini na serikali itangaze imepokea nini. Taarifa zinatoka. Ila niambieni ni wangapi pale stendi ya Kahama wamewahi kuzishika.

Mwaka 2020 kampuni ya CCP, ambayo tangu 2018 ilikuwa imenunuliwa na Wakorea wa Pearl Abyss, iliamua kupunguza madini kwenye miamba ya gemu ili kupandisha thamani ya meli. Mpwa wangu aliamka akakuta miamba aliyoizoea imekonda. Kelele zilipigwa mwaka mzima na zaidi, wajumbe wakazifikisha, na mwishoni mwa 2021 sehemu ya madini ikarudishwa.

Habari hizi nilimsimulia mzee mmoja mwenye duara huko Geita, mtu wa makamo aliyeanza kuchimba kabla mgodi mkubwa wa Geita haujafunguliwa mwaka 2000. Alisikiliza kimya mpaka mwisho.

"Ng'wanawane," akaniuliza, "hao wajumbe wanalipwa na nani?"

Nikamweleza kwamba mshahara hawana, lakini tiketi ya ndege na hoteli za Reykjavik hulipiwa na kampuni.

Mzee akatikisa kichwa, akanyanyuka kwenda kuangalia mifuko yake.