Jua ni la Wote, Paa Je?

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyelijaalia jua kuwa taa yenye mwanga na joto. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu Waislamu, jua humwangazia tajiri na fakiri bila ya kubagua. Lakini anayetaka kuligeuza umeme hana budi awe na paa, na fedha za kununulia paneli. Mpangaji wa mjini hana viwili hivyo. Basi mwenye nafasi hupunguza gharama zake, na mnyonge huendelea kulipa ankara kamili, pengine akichagua baina ya taa na chakula cha watoto.

Mtume (SAW), katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, alitufundisha kuwa Waislamu ni washirika katika maji, malisho na moto. Nasi twauliza: je, umeme wa leo hauna nasaba na moto ule?

Mjini Washington, Marekani, sheria ya mwaka 2016 iliweka lengo la kuzifikia familia 100,000 za kipato cha chini na cha kati, na kuzipunguzia ankara za umeme kwa nusu ifikapo mwaka 2032. Paneli hufungwa juu ya jengo lenye nafasi; umeme wake huingia katika gridi ya mji na kupimwa kwa mita. Kisha thamani yake hugawanywa na kukatwa katika ankara za familia zilizoandikishwa, japo zinaishi mtaa mwingine. Hivyo asiye na paa naye hupata fungu lake.

Tuzingatie kuwa paneli pekee hazikutosha. Pasipo sheria inayoruhusu umeme wa paa moja kuhesabiwa katika ankara ya nyumba nyingine, jirani hafaidiki na chochote.

Sayyidna Uthman bin Affan (RA) alikinunua kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakitoa wakfu kwa Waislamu. Miji yetu ina misikiti na madrasa zenye mapaa mapana, na pembeni yake wapangaji wanaogombana kwa mita moja. Kamati zetu zaweza kuanza na kidogo: chumba chenye taa za jua, ambamo watoto wa majirani watadurusu usiku. Na wenye kauli wadai sheria ya kugawana.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe washirika wa kweli katika neema zake. Amin.