Vumbi la Chunya katika Vifua vya Rungwe

Kutoka Makandana, ilipo Hospitali ya Wilaya ya Rungwe mjini Tukuyu, hadi Chunya ni safari ya siku moja. Msafiri huiacha migomba, chai na mvua za Rungwe, hupita Mbeya, huvuka milima, kisha huteremkia nchi kavu ya miombo. Ardhi hiyo ina dhahabu, na dhahabu ndiyo iliyoujenga mji wa Chunya.

Uchimbaji katika ukanda wa Lupa ulishika kasi miaka ya 1920 na 1930. Vijana wa Kinyakyusa walikwenda huko kutafuta fedha za kodi na ng'ombe wa mahari. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa miaka ya 1950, lakini wachimbaji wadogo wangali wanachimba, na mgodi wa New Luika umekuwa ukizalisha dhahabu tangu mwaka 2012.

Dhahabu hiyo imo katika mishipa ya mawe meupe, magumu, yenye silika nyingi. Karasha linapoyasaga, vumbi jembamba lisiloonekana kwa macho hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Mara nyingi hujitokeza miaka kumi au zaidi baada ya mtu kuanza kazi, huweza kuendelea hata akiisha kuiacha, na hauna dawa ya kuuponya. Isitoshe, humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu.

Mzee aliyerejea Rungwe kulima viazi anaweza kufika kliniki akikohoa na kukosa pumzi, nayo kadi yake ikasomeka "mkulima" tu. Makohozi yasipoonyesha vimelea, hupewa dawa za kikohozi na kurudishwa nyumbani. Swali moja laweza kubadili mwenendo wa matibabu yake: "Shikamoo baba. Kabla ya kilimo ulifanya kazi gani, wapi, na kwa miaka mingapi?" Jibu lake humwongoza mhudumu kuagiza picha ya kifua na kuendelea kukitafuta kifua kikuu.

Akina mama nao waulizwe. Wengi hutwanga mawe au hufanya kazi kwenye mialo, ambako dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa. Mvuke wake hudhuru ubongo na figo, na humfikia mtoto aliye tumboni.

Kwa aliye kazini bado, mawe yaloweshwe maji kabla ya kusagwa, kwani kitambaa puani hakizuii vumbi jembamba. Zebaki isichomwe nyumbani wala karibu na watoto. Aliyekwisha kurudi kijijini asingoje kuulizwa. Amweleze mhudumu kwamba aliwahi kufanya kazi machimboni, hata kama ni miaka thelathini iliyopita. Kifua kikuu hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, nacho hupona kikigunduliwa mapema na dawa zikimalizwa.