Umebonyeza, Lakini Je, Umesajiliwa?

Muhula unapoanza, mwanafunzi wa chuo kikuu hutakiwa kuingia kwenye potali na kusajili masomo atakayosoma. Asiposajili, jina lake halifiki kwa mhadhiri, kadi ya mtihani haipati, na hata akikalia mtihani alama zake huenda zisionekane. Ni kazi ya dakika tano. Kwa wengi huishia kuwa ya siku nzima kwenye saiba.

Lawama hutupiwa intaneti, lakini mara nyingi kosa ni la ukurasa wenyewe: haumwambii mtu kilichotokea. Utakuta vitufe viwili vimekaa pamoja, kimoja cha kuhifadhi, kingine cha kuwasilisha. Aliyebonyeza cha kwanza huona masomo yake yamejipanga vizuri, akafunga simu akijua amemaliza. Kumbe kwa idara bado hajasajili chochote, na habari hiyo ataipata wiki ya mtihani.

Karo nayo ni vivyo hivyo. Umelipa kwa simu asubuhi, jioni potali bado yakudai, kwa sababu mfumo wa malipo na ule wa rekodi ni viwili na hesabu zao hulinganishwa baadaye. Laiti ukurasa ungeandika tu deni hilo ni la saa ngapi, foleni ya ofisi ya fedha ingepungua.

Halafu kuna kutolewa nje ghafla katikati ya kujaza. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, tangu toleo la 2008, wataka mtumiaji aonywe kabla muda haujakwisha na apewe angalau sekunde 20 za kuuongeza. Kwa mtu wa Faza au Garsen anayehesabu bando, kuanza upya ni pesa.

Mifumo hii hujengwa kwanza kwa ajili ya ofisi. Ukurasa wa mwanafunzi huja mwisho, tena hujaribiwa kwenye kompyuta kubwa. Kwenye simu jedwali hukatika na kitufe kikabaki nje ya skrini. Mtaalamu Jakob Nielsen aliandika mwaka wa 2000 kwamba watumiaji watano tu wanatosha kufichua kasoro nyingi. Chuo gani kitakosa wanafunzi watano wenye simu?

Kwa sasa, ukishawasilisha, toka, ingia tena, kisha piga picha orodha unayoiona, tarehe ikionekana. Idara ikikataa, utakuwa na cha kuonyesha.